Kivinjari Kilichotekwa: Usafishe kwa Mkono, kwa Zana, au Upige Windows Upya?

Unaandika neno kwenye upau wa anwani wa Chrome, anwani ngeni inapita kufumba na kufumbua, halafu unajikuta kwenye matokeo ya Yahoo au Bing ilhali ulishachagua Google. Unarudisha mipangilio, kesho yake imebadilika tena. Huyo ndiye mtekaji wa kivinjari. Hafuti faili wala hafungi kompyuta. Anachotaka ni kila unachotafuta kipite mikononi mwake kwanza, kwa sababu utafutaji na matangazo yanayobofywa humwingizia pesa aliyemtengeneza. Ndiyo maana ukurasa unaoishia mara nyingi ni wa Yahoo au Bing ya kweli kabisa: dalali yuko katikati, na ukifika mwisho wa safari yeye keshachukua chake.

Njia za kumwondoa ni nne, na mafundi wengi huruka moja kwa moja hadi ya mwisho: kupiga Windows upya. Kazi hufanyika, lakini mteja hurudi nyumbani bila Office yake na bila dereva ya printa, na wakati mwingine baada ya siku mbili mtekaji yuleyule yumo tena. Sababu yake tutaiona. Ulinganisho huu ni wa Windows 10 na 11, pamoja na Chrome, Edge na Firefox.

Kwanza, je, ni mtekaji kweli?

Vijisanduku vinavyochomoza pembeni chini kulia vikipiga kelele kwamba kompyuta ina virusi, mara nyingi ni arifa za tovuti tu. Kuna ukurasa ulikuambia ubofye Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ukabofya. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye upau wa anwani, ondoa kila tovuti usiyoijua, kazi imekwisha. Usipakue zana yoyote kwa ajili ya hilo.

Jambo la pili ni ruta. Kama simu zilizo kwenye Wi-Fi ileile nazo zinapelekwa kusikojulikana, na zikiwekwa kwenye data za laini zinatulia, basi kompyuta haina kosa. Ingia kwenye ruta, angalia anwani za DNS (daftari la intaneti linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake), badilisha nenosiri la msimamizi, sasisha programu ya ruta yenyewe. Mchezo huu ni wa zamani: genge la DNSChanger lililokamatwa Novemba 2011 lilikuwa limebadilisha DNS za kompyuta zipatazo milioni 4 duniani, na FBI ililazimika kuacha seva mbadala zikiwaka hadi tarehe 9 Julai 2012 ili watu wasikatikiwe intaneti kwa mpigo.

Kama si arifa na si ruta, endelea. Kwenye jedwali lifuatalo, kiendelezi (extension) ni nyongeza inayowekwa ndani ya kivinjari, vidakuzi (cookies) ni faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeingia kwenye tovuti, na AdwCleaner ni zana ya bure ya kusafisha. Sera na kazi zilizoratibiwa tutazieleza chini.

Njia nne kwa mkupuo mmoja

| | Kwa mkono | Kuweka upya kivinjari | AdwCleaner | Kupiga Windows upya |
|---|---|---|---|---|
| Muda | dakika 20 hadi 40 | dakika 2 | dakika 5 hadi 15, pamoja na kuwasha upya | saa kadhaa, ukihesabu na kurudisha programu |
| Bando | hakuna | hakuna | kidogo sana | hakuna kwa Local reinstall. Zaidi ya GB 4 kwa Cloud download |
| Unachopoteza | hakuna, ukiwa mwangalifu | vidakuzi. Viendelezi huzimwa | kwa kawaida hakuna | programu zote ulizosakinisha, na faili zako ukichagua Remove everything |
| Kinachoweza kubaki | usichokitambua | programu, kazi zilizoratibiwa, sera | kiendelezi kipya kisichojulikana bado | kilichohifadhiwa kwenye akaunti ya kivinjari |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio wa kuusoma mara mbili. Mtekaji sugu hashiki sehemu moja. Ana kiendelezi ndani ya kivinjari, ana programu nje yake, na mara nyingi ana kitu cha tatu ambacho kazi yake ni kuwarudisha hao wawili wakiondolewa.

Kwa mkono

Hii ndiyo njia ndefu zaidi kuieleza, na ndiyo inayokuonyesha vizuri zaidi mdudu alijificha wapi. Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe.

Anza kwa kuzima usawazishaji (sync) wa Chrome au kutoka kwenye akaunti ya Google ndani ya kivinjari. Usipofanya hivyo, kiendelezi utakachokifuta kinaweza kurudishwa na akaunti yako mwenyewe.

Kisha nenda Settings, Apps, halafu Installed apps; kwenye Windows 10 panaitwa Apps & features. Panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Kwa kawaida tatizo lina siku yake: programu moja uliyoitaka, na nyingine mbili tatu za tarehe hiyohiyo usizozikumbuka. Ziondoe. Soma vitufe kwa makini wakati wa kuondoa, maana baadhi ya programu hizi huweka rangi ya kuvutia kwenye kitufe cha kubaki na kufifiza cha kuondoka.

Sasa fungua chrome://extensions na ubofye Remove kwa kila usichokijua. Kukizima hakutoshi. Ukikuta kiendelezi kisichokubali kuondolewa, kikisema kimesakinishwa na msimamizi wako, au menyu ya Chrome inadai kivinjari kinasimamiwa na shirika lako wakati kompyuta ni ya sebuleni, mtekaji ametumia sera. Hizi ni amri ambazo kampuni hutumia kudhibiti kompyuta za wafanyakazi, naye ameziazima.

Andika chrome://policy. Kwenye kompyuta ya nyumbani ukurasa huo unatakiwa uwe mtupu, au uwe na mstari uliowekwa na antivairasi yako. Ukiona ExtensionInstallForcelist, DefaultSearchProviderSearchURL au HomepageLocation, umemkamata. Fungua regedit (kihariri cha sajili ya mipangilio ya Windows) kama msimamizi, utafute HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, kisha njia hiyohiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Bofya kitufe cha kulia juu ya folda ya Chrome, chagua Export uhifadhi nakala, ndipo uifute. Funga Chrome, uifungue, ubofye Reload policies kwenye ukurasa ule wa sera. Kompyuta iliyotoka kazini au chuoni usiiguse hapa; yenyewe inasimamiwa kweli.

Ukiwasha upya na sera zimerudi, huenda kuna kazi iliyoratibiwa, yaani amri ambayo Windows huiendesha yenyewe kwa wakati uliopangwa. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na ni haki yao. ChromeLoader, mtekaji aliyesambaa sana mwaka 2022 ndani ya faili za ISO (nakala za diski) zilizojifanya michezo na filamu za bure, alikuwa akiacha kazi kwenye Task Scheduler inayoita PowerShell (programu ya amri ya Windows), na PowerShell inampakia tena kwenye Chrome. Unafuta kiendelezi, kinarudi. Unafuta tena, kinarudi tena. Fungua Task Scheduler, bofya Task Scheduler Library, pitia kichupo cha Actions cha kila kazi. Inayokutia shaka ni ile inayoendesha powershell.exe au wscript.exe ikifuatiwa na mlolongo mrefu wa herufi zisizosomeka, au inayoelekeza kwenye folda ngeni ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya data za programu za mtumiaji. Kazi za Google na Microsoft za kusasisha ziache. Usiyo na hakika nayo izime kwa Disable badala ya kuifuta, uone kama tatizo linakoma.

Bado viwili. Bofya kulia juu ya ikoni ya Chrome, Properties, uangalie kisanduku cha Target: kinatakiwa kiishie na chrome.exe na alama yake ya nukuu. Anwani ya tovuti ikifuata hapo, ifute. Maneno kama --profile-directory ni halali, hutokea ukiwa na wasifu zaidi ya mmoja.

Cha pili ni proksi, yaani seva ya katikati ambayo mawasiliano hupitia: Settings, Network & internet, Proxy. Kama hutumii proksi kwa makusudi, zima seva ya proksi na hati ya usanidi. Usiache hatua hii. Baadhi ya watekaji hupitisha mawasiliano yote kwenye 127.0.0.1, yaani programu yao iliyo ndani ya kompyuta hiyohiyo. Ukiiondoa programu na kuacha proksi, kivinjari kinaendelea kubisha mlango usio na mtu, na unapata ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED kila ukurasa. Watu huona hivyo wakadhani wameiharibu Windows, wakaibeba kwa fundi. Swichi moja tu.

Kuweka upya kivinjari

Kwa Chrome ni chrome://settings/reset, kwa Edge ni edge://settings/reset. Ukurasa wa mwanzo, mtambo wa kutafuta na vichupo vilivyobandikwa hurudi vilivyokuwa, viendelezi vyote huzimwa, vidakuzi hufutwa. Alamisho, historia na manenosiri hubaki. Utalazimika kuingia upya kwenye barua pepe na mitandao, basi.

Firefox ni kali zaidi. Kwenye about:support kuna kitufe cha Refresh Firefox, nacho huondoa viendelezi badala ya kuvizima, huku kikibakiza alamisho na manenosiri. Data ya zamani huachwa kwenye folda iitwayo Old Firefox Data juu ya Desktop, ifute ukisharidhika.

Kosa la kawaida ni kuanza na hatua hii. Haigusi programu iliyosakinishwa kwenye Windows, haigusi Task Scheduler, haifuti sera. Iweke mwisho. Kama mtekaji alikuwa kiendelezi tu, itakutosha, mradi kiendelezi chenyewe ukiondoe kwa Remove.

Zana: ipi kati ya tatu?

AdwCleaner ilianza mwaka 2011 na tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes. Ni ya bure, haisakinishwi. Unaipakua, unaiendesha kama msimamizi. Hifadhi kazi zako kwanza kwa sababu itafunga programu zilizo wazi na kuomba kuwasha upya. Bofya Scan Now, soma orodha, peleka kilichopatikana karantini. Sehemu ya programu zilizokuja na kompyuta kutoka kiwandani si lazima uitiki. Hizo si watekaji, ni mizigo tu. Kwenye mipangilio yake unaweza kuwasha pia kufutwa kwa sera za Chrome na kurudishwa kwa proksi, yaani zile hatua mbili zinazowatoa watu jasho hapo juu. Haikulindi baada ya hapo. Ni ya kusafisha, si ya kulinda.

Malwarebytes yenyewe ni pana zaidi, hukamata na aina nyingine za programu hasidi, lakini ni kubwa na husakinishwa. Huja na siku 14 za toleo la kulipia, kisha hubaki ya bure ya kuchanganua pale unapoiagiza tu. Huhitaji kulipa ili kumwondoa mtekaji.

Microsoft Defender tayari unayo. Ina kitu ambacho hizo mbili za bure hazina, nacho ni kuzuia kabla. Fungua Windows Security, App & browser control, Reputation-based protection settings, uhakikishe Potentially unwanted app blocking imewashwa na visanduku vyote viwili vimetikiwa. Kile cha kuzuia upakuaji hufanya kazi kwenye Edge tu. Kipo pia kipimo cha Microsoft Defender Offline, ambacho huwasha kompyuta upya na kuchanganua Windows ikiwa imelala. Huchukua kama dakika 15 na huwafaa wadudu wanaojificha Windows ikiwa macho. Udhaifu wa Defender ni kwamba kiendelezi ulichokiruhusu mwenyewe, kutoka duka la Chrome, mara nyingi hupita machoni pake.

Chaguo letu ni AdwCleaner ya kusafisha na Defender ya kulinda. Malwarebytes ni ya pale hizo mbili ziliposema kuko safi na wewe bado unaona mambo.

Angalizo moja kubwa: ukitafuta zana hizi kwa kivinjari kilichotekwa, unamuuliza mwizi njia ya kituo cha polisi. Tokeo la kwanza linaweza kuwa tangazo la zana bandia. Pakua kwa kompyuta nyingine au simu, kutoka malwarebytes.com, uhamishe kwa flashi. Kabla ya kuiendesha, bofya kulia juu ya faili, Properties, Digital Signatures. Jina la Malwarebytes liwemo. Na maelezo ya zamani yanayokutuma chrome://settings/cleanup yapuuze: Google iliiondoa zana hiyo ya kusafisha kwenye Chrome 111, Machi 2023.

Kupiga Windows upya

Kuna hali ambazo hii ndiyo ya kwanza, si ya mwisho. Umeendesha kreki (kifaa cha kuvunja leseni) ya programu au kiwezeshaji cha Windows cha bure. Defender imezimika na haikubali kuwashwa. Au zana imekutajia mwizi wa manenosiri pamoja na mtekaji. Hapo mtekaji ni mgeni anayeonekana tu, walio ndani huwajui. Usipoteze jioni nzima kumfukuza mmoja.

Nenda Settings, System, Recovery, Reset this PC; kwenye Windows 10 ni Update & Security kisha Recovery. Remove everything ni safi kuliko Keep my files. Ukichagua kubakiza faili, folda zako zote hubaki zilivyo, pamoja na ile faili ya Downloads iliyoleta balaa, na mtoto ataibofya tena. Kwa bando la kupima, chagua Local reinstall. Cloud download ni ya pale faili za Windows zenyewe zimeharibika, au Local imegoma.

Kabla ya kubofya: nakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje, hamisha alamisho kama faili ya HTML wala usinakili folda nzima ya wasifu wa Chrome, hakikisha una ufunguo wa BitLocker (ufungaji wa diski wa Windows) kwenye akaunti yako ya Microsoft, na ujue leseni ya Office itarudije. Ikiwa mashine inakubali Windows 11, nenda huko moja kwa moja. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa ile sababu ya mtekaji kurudi baada ya siku mbili. Windows ni mpya, diski ni safi, unaingia kwenye Chrome kwa akaunti yako, na usawazishaji unakushushia kila kiendelezi ulichokuwa nacho, yeye akiwemo. Fungua chrome.google.com/sync na ubofye kitufe cha kufuta data kilicho chini kabisa. Hufuta nakala ya kwenye seva tu, vilivyo ndani ya kifaa hubaki. Hivyo hakikisha kwanza alamisho na manenosiri yako umeyahamisha au yapo kwenye kifaa kingine kisafi, ndipo ufute na kusawazisha upya kutoka hicho kisafi. Sababu nyingine ni fundi aliyekuwekea Windows iliyokwisha kuchezewa kutoka kwenye flashi yake. Mwulize kaitoa wapi.

Kumzuia: kipi kina nguvu zaidi?

Kisakinishi ndicho mlango mkuu. Hata programu zenye majina hazikuwa salama: kwa miaka mingi Java ya Oracle ilikuja na upau wa utafutaji wa Ask umeshatikiwa tayari. Chagua Custom au Advanced badala ya Express, utoe tiki usizoziweka wewe, na upakue kwa mtengenezaji mwenyewe badala ya tovuti za kukusanya programu. Hili peke yake linazidi antivairasi yoyote ya kulipia.

Kizuia matangazo ni cha pili, kwa sababu huondoa vile vitufe vikubwa vya kijani vya Download ambavyo si vya upakuaji. Firefox inaendelea kukubali uBlock Origin kamili. Chrome imebaki na uBlock Origin Lite, yenye nguvu pungufu lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Kama kompyuta ni ya watoto, sababu hiyo tu inatosha kuwawekea Firefox.

Viendelezi viwe vichache. Kimoja kizuri leo kinaweza kuuzwa kesho kwa mtu mwingine, na sasisho likaja kimyakimya. The Great Suspender, kilichopendwa na watu wengi, kilibadilisha mmiliki mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakizima ikisema kina programu hasidi. Ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote ni ruhusa ya kuona hadi barua pepe yako. Kibadilisha rangi ya ukurasa mpya hakiihitaji.

Akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo ya msimamizi, kwa kila mtu wa nyumbani, huzuia sera za mashine nzima na programu za wote. Haizuii kiendelezi, na haizuii programu zinazojisakinisha ndani ya AppData ya mtumiaji mmoja. Iweke, ila usiitegemee peke yake.

Ukishamaliza kusafisha, badilisha manenosiri ya barua pepe na benki kutoka kifaa kingine, kisha utoke (sign out) kwenye vifaa vyote vilivyo wazi katika akaunti hizo. Kiendelezi kinachosoma kurasa kiliweza kuona kila ulichoandika kwa muda wote kilipokuwemo, na vidakuzi kama kilivichukua vinaweza kufungua akaunti bila nenosiri hadi utakapovifunga kutoka upande wa akaunti.